Hesabu za nyumbani, kompyuta mpya, na deni la mdogo wangu

Fundi alilibofya lile faili mara mbili, kompyuta mpya ikamuuliza ilifungue kwa programu gani. Akanigeukia.

"Dada, na hili ni la nini?"

Tulikuwa kibandani kwake Kariakoo, kompyuta yangu ya zamani upande mmoja wa meza, mpya upande wa pili, waya katikati. Picha zilishahamia. Nyaraka za kazini pia. Lilikuwa limebaki faili moja lenye jina la ukoo wetu na herufi tatu baada ya nukta: mny. Humo ndani mna pesa yote iliyoingia na kutoka nyumbani kwetu tangu mwaka 2010. Karo za watoto, kodi ya nyumba ya kupanga kabla hatujajenga, dawa za Baba, mabati, saruji, michango ya harusi na ya misiba.

"Hesabu za nyumbani," nikamjibu.

"Si uziweke tu Excel?" akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Nikaondoka na kompyuta zote mbili. Kwa wiki kadhaa nikawa nafanya kila kitu kwenye mpya, halafu usiku watoto wakilala nawasha ya zamani kwa ajili ya jambo moja tu, kuandika matumizi ya siku. Feni yake inavuma, betri haishiki tena, inaishi kwa waya wa umeme. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, naanza upya.

Mume wangu aliniuliza mara nyingi kwa nini nisihame nikamaliza. Sikuwa na jibu zuri.

## Programu iliyostaafishwa

Programu yenyewe ni Microsoft Money. Microsoft waliacha kuiuza mwaka 2009. Mwaka uliofuata wakatoa toleo la mwisho, wakaliita Sunset, likapakuliwa bure, na halikuhitaji kusajiliwa popote. Ndilo nililoanza nalo. Enzi hizo sikuwa na kadi ya benki ya kununulia kitu mtandaoni, kwa hiyo toleo hilo kwangu lilikuwa mlango uliofunguliwa.

Na nitasema kwa moyo mweupe kwamba lilinitumikia vizuri. Halikuwahi kunipotezea hesabu hata siku moja.

Kilichonisukuma ni kompyuta. Tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifungwa, na prosesa ya mashine yangu ni ya zamani mno kupokea Windows 11. Ndiyo nikanunua nyingine. Fundi alisema programu ya zamani anaweza kuilazimisha iingie kwenye mpya kwa kuchokonoa mipangilio, na ni kweli wapo watu duniani wanaoiendesha hivyo mpaka leo.

Ningeweza kumwambia ailazimishe. Mara mbili tatu nilishika simu nimpigie. Kila nikiishika namkumbuka Baba.

## "Anayemdai marehemu ajitokeze"

Baba alizikwa Tanga. Kabla jeneza halijanyanyuliwa, mzee mmoja wa mtaani alisimama akasema yale yanayosemwa katika maziko yetu yote: anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia, na anayedaiwa naye pia ajitokeze.

Jioni akaja fundi seremala, na karatasi yenye sahihi ya Baba. Tukamlipa kesho yake. Deni la marehemu halina mjadala, Kurani yenyewe inapogawa mirathi katika Suratun Nisaa inasema mgawo ni baada ya wosia na deni.

Wa upande wa pili hakuja mtu.

Tulijua wapo. Baba alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli Ngamiani, na nusu ya wateja wake walikuwa wakichukua kwa mkopo. Kaunta buku yake ilikuwepo, imefungwa kwa mpira, tukaifungua na kaka yangu mkubwa. Kila ukurasa una herufi mbilimbili, vistari, duara hapa na pale, namba ambazo huenda ni maelfu na huenda ni mamia. Alikuwa na mfumo wake na ulikuwa ukifanya kazi. Ila ufunguo wa kuusoma ulikuwa kichwani mwake.

Kaka akasema tuwasamehe wote, hatujui hata tunamsamehe nani. Tukasema amina.

Sasa fikiria faili langu la mny. Limehifadhiwa kwa namna ambayo programu moja tu ndiyo inaisoma vizuri, na programu hiyo iliachwa kutunzwa na wenyewe miaka mingi iliyopita. Mimi nikiondoka leo, mume wangu atakuwa na faili mkononi na fundi wa Kariakoo akimuuliza hili ni la nini.

Hapo ndipo nilipoamua kuhama kweli.

## Kuchagua

Nilitafuta kwa vigezo viwili. Cha kwanza, faili liweze kusomeka hata programu isipokuwepo. Cha pili, isitegemee kampuni kuendelea kunipenda.

Cha pili nakisema kwa sababu ya yaliyowapata wa Mint kule Marekani. Mint ilikuwa huduma ya bure ya kutunza hesabu za pesa mtandaoni, ilianza mwaka 2007, ikanunuliwa na kampuni ya Intuit mwaka 2009, mamilioni ya watu wakaiunganisha na benki zao, na mwezi Machi 2024 ikafungwa. Sisi huku haikutuhusu, kwa kuwa ilikuwa ya benki za kwao. Hesabu zetu zinakuja kwa meseji za simu na taarifa za benki za PDF, na wa kuziandika ni wewe mwenyewe kwa vidole vyako. Nilikuwa nikiliona hilo kama unyonge wetu. Baada ya Mint nikaanza kuliona tofauti: aliyeandika mwenyewe ana nakala yake.

Excel niliifikiria kwa haki. Inafaa sana kwa bajeti ya harusi au ujenzi wa ukuta. Lakini pesa ikitoka benki kwenda M-Pesa, ikatoka M-Pesa kwenda mkononi, ikatoka mkononi kwenda sokoni, karatasi ya Excel inahitaji uwe macho kila hatua. Usiku wa manane mimi siko macho.

HomeBank niliipakua nikaipenda siku ileile. Ni nyepesi, ni ya bure, inasoma mafaili ya programu nyingine, na ukiifungua unajiona uko nyumbani. Inafanana na nilichokizoea: unaandika ulichotumia, unachagua kundi, basi.

Halafu nikajaribu GnuCash.

GnuCash nayo ni ya bure, ipo tangu mwaka 1998, inatengenezwa na watu wa kujitolea, na faili lake ukilifumua ni maandishi ya kawaida. Mtu mwenye subira anaweza kulifungua kwa programu ya kuandikia barua akasoma tarehe, jina na kiasi. Kigezo changu cha kwanza kikatimia hapo.

Ila ni kali. Haikubali shilingi iandikwe mara moja. Kila muamala una pande mbili, ilikotoka pesa na ilikokwenda, na pande hizo lazima zilingane. Ni kanuni ya wahasibu ya tangu zamani. Luca Pacioli, mtawa wa Kiitalia, aliieleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, na wafanyabiashara walikuwa wakiitumia kabla yake. Shuleni niliisoma nikafaulu mtihani na kuisahau.

Nikasitasita kati ya hizo mbili. HomeBank ingeniruhusu kuendelea nilivyokuwa. GnuCash ilikuwa inaniuliza maswali.

Nilichagua inayouliza, kwa sababu ya kaunta buku ya Baba. Humo mlikuwa na upande mmoja tu.

## Nibebe yote, au nianze upya?

Ushauri wa wengi ni kwamba usihamishe historia. Chagua tarehe, mathalan 1 Januari, andika ulicho nacho benki, kwenye simu na mkononi, andika unachodaiwa, songa mbele. GnuCash ina akaunti maalumu kwa ajili hiyo, ya masalio ya kuanzia. Ni kazi ya nusu saa.

Nikafanya. Ikawa safi, inapendeza.

Nikaikalia kitako nikiitazama. Miaka yote ile imekuwa mstari mmoja. Mwaka Baba alipolazwa na tukawa tunaenda Tanga kila wikiendi, haumo. Miezi ya 2020 ambayo mume wangu alikaa bila kazi na tukala kwa mshahara mmoja, haimo. Tozo za miamala ya simu zilizoanza 15 Julai 2021, ambazo nilizifungulia kundi lake peke yake nikawa nazihesabu kila mwisho wa mwezi kwa uchungu, hazimo. Tozo zile zilipunguzwa Septemba mwaka uleule baada ya kelele za wananchi, na mimi nina ushahidi wa nyumba moja jinsi zilivyouma kabla na baada.

Nikaifuta ile safi. Nikaamua kubeba yote.

Kitaalamu njia ni moja: programu ya zamani inatoa kila akaunti kama faili la QIF, akaunti baada ya akaunti. QIF ni maandishi matupu, na ukilifungua unakutana na mistari ya namna hii:

D14/02/2015
T-50,000.00
PMama
MDawa za Baba
LNdugu
^

D ni tarehe, T ni kiasi, P ni aliyelipwa, M ni maelezo, L ni kundi, na kile kikofia ^ kinafunga muamala. Nilisimama hapo kwenye huo muamala kwa muda. Nilikuwa nimeshausahau, na ukanirudishia mchana mzima: foleni ya wakala wa M-Pesa, Mama kwenye simu akisema tuma na ya kutolea, mwanangu, sina hata mia.

Mambo ya kuangalia kwa anayetaka kufanya kazi hii ni machache lakini yana uzito. QIF haisemi sarafu, kwa hiyo unaulizwa kama ni shilingi ya Tanzania. Tarehe inaweza kusomwa siku kwanza au mwezi kwanza, na 03/04 haina wa kuitetea, hivyo chagua mpangilio ulio sahihi kabla hujabonyeza. Na mafaili ya akaunti zote yaingize kwa pamoja, usiingize moja leo na jingine kesho, kwa sababu pesa iliyohama kutoka benki kwenda M-Pesa imeandikwa kwenye mafaili yote mawili, na yakiingia pamoja programu inatambua kuwa ni pesa ileile.

Kisha kila kundi la zamani linaulizwa liende akaunti gani mpya. Nikafika kwenye kundi la Ndugu.

## Kundi la Ndugu

Kwenye programu ya zamani Ndugu lilikuwa kundi la matumizi kama Umeme au Maji. Kila nilichompa Mama kiliingia humo. Kila nilichomtumia shangazi, mchango wa msiba wa mjomba, ada ya mtoto wa dada, nauli ya binamu. Na pesa niliyomkopesha mdogo wangu anunue bodaboda mwaka 2019 nayo iliingia humohumo: shilingi 1,800,000. Alirudisha 600,000, halafu ukaja mwaka 2020 na biashara ikalala. Tangu hapo hatukuizungumzia.

GnuCash inagawa dunia katika mafungu matano: mali, madeni, mapato, matumizi na mtaji. Ukimpa mtu pesa ikawa zawadi, hayo ni matumizi, imekwenda. Ukimkopesha, pesa bado ni yako, imehama mahali tu. Ilikuwa benki, sasa iko kwa fulani. Inakaa kwenye mali, chini ya watu unaowadai.

Kwa hiyo programu ilikuwa inaniuliza kwa kila jina: huyu ulimpa, au ulimkopesha?

Kwetu swali hilo haliulizwi. Ndugu akija na shida, anasema "nisaidie, nitakurudishia", na wote wawili mnajua kurudisha kunaweza kuwa mwezi ujao na kunaweza kuwa Mungu akipenda. Utata huo una hekima yake. Unamwezesha anayeomba aombe bila kuinama sana, na anayetoa atoe bila kuhesabu. Niliogopa kwamba nikiugawa mara mbili kwa kisu cha wahasibu nitaua kitu ambacho wazee walikitunza kwa makusudi.

Nikaweka kazi pembeni. Ikakaa.

## Nilimuuliza Mama

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

Tukapita kwenye habari za mvua, za watoto, za mguu wake. Halafu nikamweleza. Mama hana habari na GnuCash, ila alikaa dukani na Baba miaka mingi, hesabu anazijua.

"Deni andika," akasema. "Ulichotoa kwa ajili ya Mungu cha kuandikia nini? Utamdai nani?"

"Sasa kama sijui kilikuwa kipi?"

"Basi muulize uliyempa. Yeye anajua alichopokea."

Hilo la mwisho sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilikuwa nimejifungia na kompyuta nikipanga pesa za watu kwenye mafungu, na wenyewe wako hai, wana simu.

Na Mama alikuwa anasema kitu ambacho kila mtoto wa madrasa amekisikia. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya deni: inaamrisha liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na msichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Sadaka kwa upande wake inasifiwa ikifichwa, hadi mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Wakristo nao wana fundisho kama hilo katika Injili ya Mathayo. Hatukukosa mwongozo. Tulizoea tu kuchanganya cha kuandikwa na cha kufichwa katika kapu moja, na mdaiwa na aliyesaidiwa wote wakabaki hawajui wamesimama wapi.

Nikalipasua kundi la Ndugu vipande vitatu. Matunzo ya Mama yakawa matumizi ya kawaida, kwa sababu kumtunza mzazi ni wajibu. Hapo namwandika kwa jina, na kila muamala una mistari yake: hela yenyewe, ya kutolea, na makato ya kutuma. Sadaka na misaada ikawa akaunti moja isiyo na jina la mtu hata mmoja; nikaenda muamala baada ya muamala nikifuta majina. Kipande cha tatu ni cha ninaowadai.

Kipande hicho nilijiwekea sharti: jina la mtu haliingii mpaka mwenyewe ajue kuwa limeingia.

## Simu ya pili

Mdogo wangu nilimpigia nikiwa nimeshaandaa maneno. Aya ya 280, kabla kidogo ya ile ya kuandika deni, inasema mdaiwa akiwa katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na ukimsamehe ukaifanya sadaka ni bora kwako. Nilikuwa nimeshaamua kumsamehe ile 1,200,000 iliyobaki. Hata muamala nilishaujua ulivyo: itoke kwa ninaowadai, iende sadaka. Pande mbili zinalingana, kwisha.

Nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata.

"Dada, unajua kwa nini Idi zote hizi siji kwako?"

Nilidhani ni kazi. Siku zote alisema ni kazi.

"Naona aibu. Kila nikitaka kuja naikumbuka ile pesa. Nasema nikienda nitaulizwa, na nisipoulizwa ndiyo mbaya zaidi."

Nikamwambia basi imekwisha, nimeifuta, uje.

"Usiifute." Akasema kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu tuko watoto. "Usiniandike kwenye sadaka. Mimi nafanya kazi. Niandike kwenye deni, hata nikilipa elfu ishirini ishirini, lakini niandike kwenye deni."

Miaka yote hiyo nilijiona mkarimu kwa kunyamaza. Yeye alikuwa akiubeba ukimya wangu kama mzigo, na nilipotaka kumtua nilikuwa namvua heshima. Kwake jina lake kuwa kwenye orodha ya wadaiwa lilikuwa bora kuliko kufichwa kwenye orodha ya waliosaidiwa.

Nikamwandika. Mali, ninaowadai, mdogo wangu, 1,200,000. Akaomba nimtumie picha ya kioo cha kompyuta, nikamtumia. Akajibu kwa neno moja: "Sawasawa."

Alipotuma mara ya kwanza, ile pesa haikuingia kwenye mapato. Ilitoka kwake ikaja M-Pesa, na deni likashuka. Idi hii amesema atakuja na mkewe.

## Mchezo

Kwa ufupi, maana naona wanawake wenzangu watauliza. Mchezo wetu wa kazini, yaani upatu wa kupeana pesa kwa zamu, tuko kumi, kila mwezi 100,000. Kwa mtindo wa zamani nilikuwa naandika kila mwezi matumizi, na zamu ikifika naandika mapato 1,000,000. Mwezi huo nyumba inaonekana imetajirika.

Ukiandika kwa pande mbili, picha ni nyingine. Kabla ya zamu yako unachotoa ni mali yako iliyo mikononi mwa wenzako. Nikiwa wa nne, siku napokea milioni nimeshatoa laki nne, kwa hiyo laki sita ni deni, na kila mwezi unaofuata nalipunguza. Kijumbe wetu, anayekusanya pesa za mchezo, nilipomwonyesha alisema angependa kila mwanachama auone mchezo hivyo, kwa sababu wanaotoroka ni wale waliokwishapokea, na siku wanayotoroka wanasema "nimeacha mchezo" na si "nimekula deni".

## Zisizojulikana zilikokwenda

GnuCash ukiandika muamala wenye upande mmoja haikufukuzi. Inauweka kwenye akaunti inayoitwa Imbalance-TZS ikusubiri. Na katika kuhamisha, miamala isiyo na kundi inarundikwa kwenye nyingine iitwayo Unspecified. Ya kwangu ilipomaliza kuingia, rundo hilo lilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea. Ni ile miezi ambayo pesa ya mkononi haikufika ilikotakiwa na nikasawazisha salio ili maisha yaendelee.

Nilianza kulipunguza nikitumia meseji za zamani na kumbukumbu za mume wangu, ambaye anakumbuka bei za saruji za mwaka 2013 kana kwamba alinunua jana. Tukafika mahali hapakumbukiki tena. Hapo nimeacha. Nimeipa akaunti hiyo jina la Hazijulikani na nitaishi nayo; kuzibunia makundi ili rundo liishe kungekuwa kuandika uongo kwenye kitabu ambacho sababu yake ya kuwepo ni ukweli.

Faida iliyokuja bila kuitafuta ni zaka. Zamani nilikuwa nakisia. Sasa nachagua tarehe yangu ya mwaka wa Kiislamu, programu inanipa salio la siku hiyo la benki, simu na mkononi, naangalia kama limefika nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, na kama limekaa mwaka natoa asilimia 2.5. Swali lililobaki lilikuwa deni la mdogo wangu: linahesabiwa? Wanazuoni wametofautiana. Ustadhi wetu alinishauri kwamba deni ninalotumaini kulipwa nilihesabu, na akanionya kwamba kumsamehe mtu deni na kulihesabu kuwa ndiyo zaka yangu wanazuoni wengi hawakubali. Nashukuru nilimuuliza, maana wazo hilo lilishanipitia.

## Bahasha

Jambo ambalo tumebishana ndani ya nyumba ni kuchapisha. Mimi nataka kila baada ya miezi mitatu orodha mbili zitolewe kwenye karatasi, tunaowadai na wanaotudai, ziwekwe kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja. Mume wangu hakupenda. Alisema karatasi yenye majina ya ndugu ikiangukia mkononi mwa mtu asiye na busara italeta ugomvi msibani, na msiba una ugomvi wa kutosha.

Ana haki. Nimeona ugomvi huo kwa majirani.

Tulikubaliana hivi: wanaotudai waandikwe wote bila kuruka, hata duka la Mangi. Tunaowadai waandikwe wale tu ambao wenyewe wanajua na wamekubali, na mbele ya kila jina pawe na tarehe ya mazungumzo yetu. Wengine tukiondoka, deni limeondoka nasi.

Orodha ya wanaotudai imeshaingia kwenye bahasha. Ya tunaowadai ina jina la mdogo wangu, na la jirani mmoja ambaye alicheka nilipompigia na kulipa wiki ileile. Kuna majina ambayo sijayapigia. Mojawapo ni la mama mdogo, aliyenilea likizo zangu zote za shule, na pesa yenyewe si ndogo. Kila nikifikiria nianzie wapi na mtu ninayempigia magoti kumsalimia, naifunga kompyuta.